Mitambo mipya ianzie kwenye kitambaa

Mhariri,

Naandika kuhusu mjadala wa kuviwekea mitambo ya kisasa viwanda vya nguo vya EPZ (eneo maalumu la kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje ya nchi), Athi River. Tangu Marekani ipitishe mwaka 2000 sheria ya AGOA, iliyoziondolea ushuru bidhaa nyingi za Afrika, viwanda hivyo vimeshona nguo nyingi za kuuzwa huko, lakini sehemu kubwa ya kitambaa hutoka Asia, na faida ya kufuma na kutia rangi hubaki huko huko. Mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta hupunguza vipande vinavyotupwa, nayo inafaa kununuliwa. Kushona mkono wa shati ni jambo jingine, kwa kuwa kitambaa laini hujikunja na kuteleza, na hapo mshonaji aliyeizoea cherehani yake bado anahitajika sana.

Napendekeza serikali ielekeze mikopo nafuu kwenye mitambo ya kufuma vitambaa maalumu, kama vile visivyoshika moto upesi au visivyopenyeza maji kwa mavazi ya hospitalini, kwa sharti kwamba wafanyakazi waliopo, ambao wengi ni wanawake, wafundishwe kuiendesha mitambo hiyo kabla haijasimikwa.

Msomaji,
Machakos