Barua kwa mwanangu anayetembeza mbwa Usa River

Muheza, Alhamisi, 2 Oktoba 2025

Mwanangu Rajabu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, hofu na mashaka ni juu yako. Maneno haya tumezoea kuyaandika mwanzo wa kila barua bila kuyafikiria, lakini leo nayaandika kwa maana yake.

Swali langu ni lile lile la Jumapili kwenye simu, la chanjo ya kichaa cha mbwa, ambalo ulinijibu huku unacheka. Umechanja? Siulizi mbwa. Umeshanieleza kwamba kila mbwa mnayemwokota akaingia hapo kituoni kwenu anapimwa na daktari wa mifugo, anachomwa sindano, na wale wapya wanakaa kwanza mabanda ya peke yao. Hilo nimelielewa, na nimefurahi. Nakuuliza wewe, na mkono wako huo unaoshika kamba.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu unaniwahi. Nikianza tu kusema, wewe umeshasema "Mama usijali", basi nami nanyamaza. Safari hii soma mpaka mwisho.

Jumapili ile ilikuwa tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani. Sikuwa najua kama kuna siku kama hiyo. Nilikuwa nachagua mchele, redio ikamleta daktari wa mifugo akazungumza karibu nusu saa. Alisema kila mwaka duniani wanakufa watu wapatao 59,000 kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia, na katika kila 100, 99 wameupata kwa mbwa. Halafu akasema katika kila wagonjwa 10 wanne ni watoto wa chini ya miaka 15, na hapo niliuweka ungo chini. Akaeleza kwamba virusi vyenyewe vinatambaa na mishipa ya fahamu kutoka kwenye kidonda, taratibu, mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi ni mwezi mmoja mpaka mitatu, lakini kwa wengine inapita hata mwaka. Muda huo wote mtu anakula, anacheza, anakwenda shule. Dalili zikishaanza, hakuna dawa ya kumrudisha.

Hilo la mwisho mimi sikuhitaji redio. Wewe hujazaliwa, kulikuwa na mtoto wa muuza mkaa huku nyuma yetu. Bibi yako alimpelekea uji, mimi nikamfuata na kikombe cha maji. Mtoto alikuwa na kiu, midomo imepasuka, mwenyewe anayaomba maji. Nilipomsogezea kikombe, shingo ikakakamaa yote, mishipa ikasimama, akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. Halafu akayaomba tena. Alikufa siku ya pili yake. Walikuwa wamempeleka kwa mganga, akafungwa majani kwenye kidonda.

Sasa nisikupe hofu tupu. Nakuonea fahari, na sijawahi kukuambia. Ulikwenda pale kufunga taa, kazi ya siku mbili, na mpaka leo kila Jumamosi uko kwao bila kulipwa. Kuna watu mtaani wameniuliza mtoto wangu anapata nini, nikawajibu hapati kitu, na nimelisema hilo kichwa kikiwa juu. Ile picha ya mbwa wa kahawia mwenye sikio lililochanika ninayo kwenye simu. Umeniambia wiki tatu hakutaka kutoka bandani, na wewe ukawa unakwenda unakaa sakafuni umempa mgongo, humtazami, humwiti, mpaka siku alipokuja mwenyewe akakunusa shati. Mwanangu, subira hiyo umeitoa wapi? Mbuzi wa nyumbani hapa ulikuwa unawaswaga kwa mawe. Na ile video wanayocheza, anayeinama mbele kifua chini na mkia juu, kumbe ndivyo mbwa anavyosema "njoo tucheze". Nimewaonyesha hata wadogo zako.

Mjomba wako amelalamika, hilo utakuwa umelisikia. Anasema najisi. Nimemwambia Rajabu ana nguo zake za kituoni na ana nguo zake za sala, na palipoguswa na mate panaoshwa mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Nikamkumbusha na yule mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake, akakishika kwa meno akapanda nacho, akamnywesha. Mola alimsamehe madhambi yake kwa maji yale. Mjomba hakujibu. Lakini usiku nikawa nafikiri, yule mtu naye alikuwa na mama.

Umechanja?

Nakuuliza tena kwa sababu ya ile fomu. Ulinisimulia kwamba kabla ya kukuruhusu kutembeza mbwa walikupa karatasi ya kujaza, wakauliza kama umewahi kupata chanjo ya kichaa cha mbwa, ukaandika ndiyo. "Mama, nimewaambia mimi nilichomwa zote tano nikiwa mdogo." Ulilisema kwa furaha. Simu ikaniwia nzito mkononi, nikakuaga nikisema chungu kinaungua. Chungu hakikuwa jikoni siku hiyo.

Humo kwenye bahasha kuna kadi yako ya mwaka 2011. Imekaa kwenye kopo la biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa, miaka kumi na minne. Itazame vizuri. Ina mistari mitano. Wa kwanza una tarehe, saini ya nesi na wino wa bluu. Hiyo minne iliyobaki imeandikwa tarehe tu, siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28, na mbele yake hakuna kitu.

Ulichomwa Jumatatu, siku uliyong'atwa. Ya pili ilikuwa Alhamisi. Alhamisi ilikuwa siku ya marejesho ya kikoba chetu, na pesa niliyokuwa nayo ilikuwa moja: ama niipeleke kwenye kikao, ama nipande gari nikupeleke Tanga nilipie dozi. Baba yako alikuwa safarini. Niliona haya kusimama mbele ya wenzangu mikono mitupu. Nikajiambia nitakopa nikupeleke Ijumaa. Ijumaa ikapita. Jumatatu nikaona aibu ya kwenda kumwambia nesi kwamba nimechelewa. Wewe ulikuwa unalia usiku kwa kuogopa sindano, nikakuambia zimekwisha, umeshakuwa mwanaume, ukalala. Wewe ukaliamini, na baba yako akaliamini mpaka anaingia kaburini.

Unakumbuka nilivyokuwa nakulazimisha kunywa maji mwaka ule? Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe kabla ya kulala, na nilikuchapa ulipomwaga. Uliwaambia wenzako mama yangu mkali. Nilikuwa natazama shingo yako inavyomeza.

Na kila jioni nilikuwa napita uani kwa jirani kama nakwenda kuomba moto, kumbe namwangalia mbwa wake aliyekung'ata. Nilitaka kuona kama anakula, kama analamba maji, kama taya limelegea, kama sauti imebadilika. Daktari wa kwenye redio alisema mbwa aliyeng'ata akikaa siku 10 akiwa mzima, basi hakuwa na virusi mateni siku ile. Siku 10. Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Mimi nilihesabu arobaini, kwa sababu arobaini ndiyo hesabu niliyokuwa naijua. Mbwa yule alizeeka, ulimwona mwenyewe. Mungu alinifichia, lakini mwenyewe sikuwa nimefanya la kunifanya nistahili.

Sasa sikiliza kwa nini sikuweza kulala tangu Jumapili. Nilikwenda kwa nesi wa zahanati nikamuuliza. Anasema mtu aliyekamilisha chanjo zamani, aking'atwa anaongezewa sindano mbili tu, siku hiyo na siku ya tatu, na ile dawa nyingine ya kuchoma kwenye kidonda chenyewe hapewi kwa sababu mwili wake unakumbuka. Ambaye hakukamilisha anapewa yote. Umeona? Wewe siku ukikwaruzwa utasema kwa mdomo wako mwenyewe "mimi nilishachomwa tano", na watakuamini, na watakupa mbili. Uongo wangu utakuwa umekwenda na wewe mpaka kwenye kitanda cha hospitali.

Kwa hiyo nenda na kadi hiyo. Usione haya kwa ajili yangu, waambie mama hakunipeleka. Waambie unafanya kazi na mbwa na unataka chanjo ya kabla ya kung'atwa, watakupangia siku. Na siku watakazokupangia, zote uende, hata kama kuna nyumba ya kufunga umeme na bosi amekasirika. Pesa nimekutumia kwenye simu leo asubuhi. Ni ya machungwa, usijibane kwayo wala usinirudishie. Kesho kutwa Jumamosi ukifika kituoni, kabla hujamshika mbwa yeyote, mwone huyo msimamizi wenu ufute ulichoandika kwenye fomu. Kama atasema ukae bila kutembeza mbwa mpaka umalize, kaa. Osha vyombo vyao, fagia, wapikie.

Ukipata jeraha lolote, hata mkwaruzo, hata mbwa akikulamba mahali palipochubuka, sabuni na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 15, uzitazame kwenye saa. Halafu hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa wakipigana usitie mkono katikati, tia ndoo au ubao. Haya yote najua wamekufundisha. Nayasema tu.

Nesi alinisimulia pia habari za Pemba. Anasema walichanja mbwa kisiwa kizima, kijiji kwa kijiji, ugonjwa ukaisha. Ukaingia tena mwaka 2016, wakarudi kuchanja, ukaisha tena. Inatosha mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa. Nikakufikiria wewe. Hao mbwa mnaowaokota barabarani mkawachanja na kuwazoesha watu, kila mmoja ni mtoto mmoja wa mtu ambaye mama yake hatachagua kati ya dozi na marejesho. Endelea na kazi hiyo. Sikukatazi, na asikuambie mtu kwamba nimekukataza.

Ila la Desemba sijalipenda. Umesema hutakuja kwa sababu wanaojitolea wengi ni wageni, wanarudi kwao sikukuu, na mbwa watabaki bila wa kuwatoa. Nimekuelewa. Lakini bibi yako ana miaka yake, na kila gari linaposimama barabarani anauliza kama ni wewe. Njoo hata siku tatu. Mbwa watavumilia siku tatu.

Paa la jiko linavuja kwenye kona ile ile. Fundi anataka mabati mawili, nimemwambia asubiri. Mbuzi mweusi amezaa mapacha, mmoja dhaifu, Asha anamnyonyesha kwa chupa na amekataa kumlaza nje, yuko naye chumbani. Nadhani ni wewe umemwambukiza. Machungwa mwaka huu ni mengi mno, bei imeanguka, walanguzi wanakuja na magari wanataka kwa bei ya bure. Presha yangu iko sawa, dawa nakunywa.

Barua hii na kapu nampa kondakta wa basi la Tanga kwenda Arusha linalopita hapa kesho asubuhi. Nimemwambia akushushie Usa River, usubiri kituo cha basi kuanzia mchana. Kuna machungwa, nazi sita, na mkate wa kumimina uliofungwa kwenye kitambaa, uule mapema usichache. Kamba ya katani iliyofunga kapu usiikate, ifungue, na kapu lenyewe ulirudishe na basi, ni la jirani.

Usinipigie ukimaliza kusoma. Sitaweza kupokea. Nipigie ukitoka hospitali, uniambie wamekuchoma mkono gani na siku ya pili ni lini, niiandike ukutani.

Mama yako