Halbadiri ya Warumi

Bristol,
9 Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, mama na watoto mu wazima. Mimi nipo, nasukumana na baridi.

Unaikumbuka siku ile uliyoanuliwa khanga zako kambani, doti mbili mpya? Ulisimama uani ukapaza sauti mtaa mzima usikie: "Zisiporudi kabla ya Ijumaa nasomesha halbadiri!" Doti moja ikakutwa alfajiri imetupwa mlangoni. Basi Jumamosi nilikwenda Bath, nikakukumbuka hadi nikacheka peke yangu mbele za watu.

Mji huo una chemchemi ya maji moto, nyuzi 46, na kwa siku hutoka zaidi ya lita milioni moja. Warumi walipoitawala nchi hii walijenga hapo mabafu na hekalu la Sulis Minerva. Sulis alikuwa wa wenyeji, Minerva wa Warumi. Wakawafanya mungu mmoja wa kike. Mwenye haja alikuja akaomba, akatupia kitu majini.

Watu waliendelea kuogelea katika maji hayo hadi 1978, msichana mmoja alipokufa kwa amiba aliyempata humo. Mabafu yakafungwa. Mwaka uliofuata wataalamu wa mambo ya kale wakiongozwa na Barry Cunliffe wakaanza kuchimba kwenye chemchemi yenyewe, chini ya sakafu ya bwawa la zamani. Usidhani ni kama sisi tulivyokuwa tukiokota kombe maji yakitoka pwani. Maji haya hayakupwi, yanabubujika usiku na mchana, na tope lake ni la moto. Humo zilitoka sarafu zaidi ya 12,000, vyombo vya hekaluni, na vibao vyembamba vya risasi iliyochanganywa na bati, kama 130, vingi vimekunjwa.

Sarafu nilizipita tu. Kwenye vibao nilisimama hadi miguu ikauma.

Ni mashtaka ya wizi, shoga! Mtu kavua nguo aoge, akitoka hazipo, basi anamshtakia mungu. Docimedis kaibiwa glavu mbili, anaomba mwizi apotewe na akili na macho. Kwa glavu! Docilianus kachukuliwa joho lake lenye kofia. Aliyelichukua, mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, afe, asipate usingizi wala watoto, mpaka alirudishe hekaluni. Annianus yeye alipoteza vipande sita vya fedha kutoka mfukoni, na hakuacha mwanya: awe mpagani au Mkristo, mvulana au msichana. Nyuma ya kibao kuna orodha ya majina, nadhani ndio aliowashuku. Hapo ndipo nilipokuona wewe kabisa, maana siku ile ulinitajia nyumba nne.

Kuna vilivyoandikwa kinyumenyume. Vingine vina mikwaruzo tu inayoiga maandishi. Hivyo vilinigusa kuliko vyote: hata asiyejua kuandika alikuwa na lake la kumwambia mungu.

Ila nikajiuliza. Wewe ulitangaza, mwizi akasikia, akaingiwa na hofu. Hawa waliandika, wakakunja, wakatupa majini pasipoonekana. Mwizi angejuaje kwamba kaombewa kifo? Labda walikuwa wakisema kwa sauti kwanza, wakiwa palepale bafuni, watu wote wamejaa. Mimi ningefanya hivyo.

Kutumbukiza hata kidole kwenye mabafu hayo ya kale ni marufuku siku hizi, ila maji yaliyosafishwa unaweza kuyanywa. Nilikunywa kikombe nusu. Vuguvugu, yana ladha ya msumari. Angalau hayanuki yai viza kama yale ya chemchemi ya Galanos, kule Tanga.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya miguu nitamtumia kwa mtu anayekuja mwezi ujao. Na wewe niambie kweli, maana sikupata kukuuliza: ile doti ya pili ilirudi?

Wako,
Rukia