Anayejitolea na watoto wetu naye aulizwe

Mhariri,

Nasoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia, ila ile habari yenu ya watu wazima wanaojitolea kwenye vikundi vya vijana imenishinda kunyamaza. Hasa pale kiongozi mliyemnukuu aliposema wazazi tuwaamini wanaojitolea kwa sababu wana moyo. Moyo wa mtu nauonea wapi mimi?

Nakaa Pasua hapa Moshi. Binti yangu ana miaka 14, alikuwa anacheza mpira kwenye klabu moja ya mtaani, kocha ni kijana anajitolea, mchangamfu, kila mtu anamsifia. Usiku mmoja saa tano simu yangu, ambayo mtoto huwa anaazima, ikaingia meseji ya kocha: "umelala? ukishasoma futa mama asione". Nikapandisha juu nikasoma zote. Kumbe zile raba mpya nilizoambiwa ni za klabu kanunua yeye, kumbe mazoezi yakiisha anampakiza pikipiki peke yake wakati kutoka uwanjani mpaka kwetu ni kutembea tu.

Asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa klabu na simu mkononi. Mhariri, yule baba hata simu hakuishika! Ananiambia mama angu, huyu kijana halipwi hata mia, tukianza kumhoji ataondoka na watoto watarudi kukaa vijiweni, afu tena usije ukaharibia mtu jina. Jina! Mwanangu yeye hana jina? Mwalimu wa shule akifanya hivyo kuna mkuu wa shule, kuna Tume ya Utumishi wa Walimu, ana pa kuitwa akajieleze, sasa huyu anaitwa wapi, na nani, kwa kanuni ipi, maana nilipouliza kanuni za klabu nikaonyeshwa karatasi ya ada na rangi za jezi basi. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo, inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na inamtaka yeyote anayeona haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, haijasema isipokuwa kama mhusika halipwi. Nilienda Dawati la Jinsia na Watoto polisi mwenyewe, nikasikilizwa vizuri. Mwenyekiti mpaka leo hanisalimii.

Na hili la picha nalo mliandike. Wageni wanakuja Moshi na Arusha kujitolea kabla au baada ya kupanda mlima, wanabeba watoto wa vituo vya kulelea watoto mapajani, wanapiga picha wanaweka Instagram, mtoto uso wote nje na hadithi ya umaskini wake chini. Kibali cha ukaaji daraja C, kile cha wageni wanaojitolea, watakaguliwa, lakini nani kawaambia namna ya kukaa na mtoto wa mtu? Mzazi au mlezi kaulizwa?

Wenzetu skauti wa Marekani wana utaratibu kwamba shughuli yoyote lazima iwe na watu wazima wawili walioandikishwa, na mkubwa hachati na mtoto peke yao mpaka mzazi au kiongozi mwingine awemo. Hilo halihitaji hela za wafadhili. Mtendaji wa kata adai kila klabu, kwaya na tuisheni ya likizo ibandike mlangoni karatasi moja ya A4 yenye mhuri wake: majina na picha za wanaojitolea na nani anawajua, watu wazima wawili muda wote, meseji zote kwenye grupu la wazazi na mwisho saa kumi na mbili jioni, hakuna zawadi ya siri, hakuna kumpakiza mtoto mmoja. Na chini kabisa 116, simu ya kutoa taarifa za watoto, ni bure, iandikwe kubwa mtoto mwenyewe aisome.

Klabu inafungua tena likizo ya mwezi wa sita. Binti analia anataka kucheza, na mpira anaujua kweli. Hiyo karatasi ikiwa ukutani nitampeleka mwenyewe.

Mama wa watoto watatu,
Pasua, Moshi