Droni ya Linux: tazameni wakati na umeme kabla ya kasi ya prosesa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na walimu wa vyuo vya ufundi na vijana wanaounda roboti na droni. Wapo wanaoacha vibao vidogo vya urubani na kuchukua kompyuta ndogo yenye mfumo endeshi wa Linux, kama Raspberry Pi iliyopachikwa ubao wa vihisi wa Navio2, au BeagleBone Blue. Sifa inayotajwa kwanza ni kasi ya prosesa. Kasi haina ubaya, ila si hiyo inayoiweka droni angani. Kinachoiweka ni kazi ndogo inayofanyika kwa wakati wake, kila mara, bila kuchelewa.

Programu ya ArduPilot, kwenye droni ya mapangaboi manne, husoma jairo (kihisi cha mzunguko wa chombo), hupiga hesabu na kutuma amri kwa mota mara 400 kwa sekunde. Kila duru ina milisekunde 2.5 tu. Linux ya kawaida haikuundwa kwa ratiba kali namna hiyo: ikiwa inaandika kwenye memori kadi au inahudumia Wi-Fi, inaweza kuiacha programu ya urubani ikisubiri. Mezani huoni kitu, lakini angani droni inaanza kuyumba. Ndiyo maana Emlid, waliotengeneza Navio2, walitoa mfumo wao wenye kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ya PREEMPT_RT, inayoruhusu kazi ya haraka kukatiza karibu kila kazi nyingine. (Uwezo huo sasa umo ndani ya Linux yenyewe, tangu toleo la 6.12 la mwaka 2024, ingawa lazima uwashwe wakati wa kuunda kerneli.) Andika amri ya uname -a. Usipoona PREEMPT na RT kwenye jibu, usifunge pangaboi hata moja.

Kamera nayo ina madhara yake. Mwanafunzi anataka picha za video zirushwe chini na droni itambue mimea, vyote kwenye Raspberry Pi ileile inayoongoza mota. Inawezekana, kwa masharti. Chipu ina viini vinne, namba 0 hadi 3. Ongeza isolcpus=3 kwenye faili ya cmdline.txt ili kiini cha mwisho kisipewe kazi za kawaida, kisha ielekeze ArduPilot kwenye kiini hicho. Baada ya kuruka fungua kumbukumbu za safari, tafuta ujumbe wa PM, usome NLon, yaani idadi ya duru zilizochelewa. Ikiwa inapanda kila kamera inapowashwa, tatizo umelipata, usilisingizie upepo.

Anayeona haya ni makuu aangalie Ingenuity, helikopta ya NASA iliyoruka Mars. Nayo ilitumia Linux, kwenye chipu ya Snapdragon 801, kwa kamera na mahesabu ya safari. Kazi ya karibu na mota ilipewa vidhibiti vidogo vya pembeni. Katika safari ya sita, tarehe 22 Mei 2021, picha moja tu ya kamera ya kuongozea ilipotea kama sekunde 54 baada ya kupaa. Picha zote zilizofuata zikawa na saa isiyo sahihi, na helikopta ikayumba mbele na nyuma hadi kuinama zaidi ya nyuzi 20. Ilitua salama kwa sababu wabunifu walipanga mapema kwamba hatua ya mwisho ya kushuka isitegemee picha. Prosesa haikupungukiwa na nguvu hata kidogo, saa ndiyo iliyokosewa.

Umeme nao unaangusha vyombo vingi. Raspberry Pi inataka volti 5, na ikishuka hadi kama 4.63 inaanza kulalamika, kisha inapunguza kasi yake yenyewe. Amri ya vcgencmd get_throttled itakuambia: jibu jema ni 0x0. Ukiona 0x50000, umeme ulishawahi kushuka tangu iwashwe na chipu ikapunguzwa kasi, hata kama sasa hivi kila kitu kinaonekana sawa. Chanzo mara nyingi ni waya mwembamba wa USB, au servo (mota ndogo za kugeuza sehemu za chombo) zilizounganishwa kwenye chanzo kimoja na kompyuta. Servo ikikwama huvuta zaidi ya ampea moja kwa ghafla. Zipe servo BEC yao (kifaa cha kushusha volti ya betri) ya volti 5, unganisha nyaya zote za hasi pamoja, na kompyuta ilishwe na moduli yake ya umeme. Kisha zungusha servo zote kwa pamoja na urudie amri ile. Umeme ukikatika angani, Linux kuwaka upya hakusaidii: inachukua sekunde nyingi, na ArduPilot inapoanza inataka chombo kitulie ili isawazishe jairo.

Jambo dogo linalosahaulika: barometa ya MS5611 iliyo kwenye Navio2, inayokadiria kimo kwa shinikizo la hewa, huathiriwa na mwanga na upepo. Jua likiipiga moja kwa moja, droni inadhani imepanda au imeshuka. Ifunike kwa kipande cha sponji kinachopitisha hewa.

Kwa anayeanza, ushauri wangu ni gari kabla ya droni. BeagleBone Blue inafaa sana hapo: ina soketi ya betri ya lipo ya seli mbili, matoleo manane ya servo, sehemu za mota nne za DC na za visoma mzunguko vinne. Kiini chake ni kimoja cha gigahezi 1 na RAM ni megabaiti 512, kwa hiyo usiibebeshe kazi nzito za kamera. ArduPilot ya magari huzunguka mara 50 kwa sekunde, milisekunde 20 kila duru, na kosa linaishia kugonga ukuta.

Droni ikiwa tayari, ng'oa mapangaboi, washa mota, pandisha kasi ya mota kidogo, kisha zima rimoti. Kituo cha ardhini (kompyuta au simu unayoifuatilia droni) lazima kionyeshe imehamia kwenye hali ya kutua au kurudi nyumbani. Isipofanya hivyo, hakuna haja ya kwenda uwanjani. Na kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, kitafutwe kabla ya siku ya kurusha.

Mwalimu wa elektroniki,
Morogoro