Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanajumuiya, Chake Chake

Ndugu wanajumuiya, Assalaam alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Tumefyeka majani kwenye magofu ya Pujini, tumewapeleka wanafunzi wa skuli kwenye makumbusho ya Ngomeni, na tumewazika wenzetu wawili, Mungu awarehemu. Vikao vya Kamati vilifanyika, ingawa viwili havikutimiza akidi.

Nije kwenye lile lililosemwa sana mabarazani, mimi nikiwa sipo. Kamati iliamua kwamba shilingi 850,000 za safari ya kisiwa cha Misali zitumike kukusanya historia ya hoteli ya Serikali ya hapa mjini na mkahawa wake. Wapo waliouliza hoteli ina historia gani, si ngome wala si msikiti. Wengine wakasema mwenyekiti anamtafutia marehemu baba yake jina kwa fedha za watu, kwa kuwa alikuwa mpishi pale. Alikuwa mpishi, sijakanusha. Kwani wale wazee wangemtolea nani picha zao sandukuni, kama si mtoto wa mwenzao?

Na historia ipo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilijenga hoteli hapa Pemba, Chake, Wete na Mkoani, kwa ramani moja. Aliyewahi kulala Wete akija Chake haulizi choo kiko wapi. Watalii walikuwa wa kuhesabu. Wageni walikuwa watumishi wa Serikali kutoka Unguja na, msimu wa karafuu, watu wa Shirika la Biashara la Serikali, wanunuzi wa karafuu. Mkahawani chakula kiliagizwa asubuhi: ukitaka samaki wa kupaka usiku, umwambie mpishi kabla hajakwenda sokoni. Ukichelewa, mkate na mayai. Kisha ikaja sheria ya vitega uchumi ya 1986, watu binafsi wakaingia kwenye biashara hii, na wageni wakawa na pa kuchagua.

Daftari la wageni tulilolipiga picha limeliwa na mchwa pembe nzima ya juu. Tarehe zimekwenda, vyeo vimebaki: mkaguzi wa skuli, fundi wa umeme, karani wa bandari. Tungengoja mwaka mmoja zaidi tungekuta vumbi. Misali haihami.

Uzinduzi wa picha hizo ulihudhuriwa na watu 11, wanne kati yao wakiwa Kamati, na mmoja alifuata ufunguo wa vespa yake. Nikaambiwa ni msimu wa karafuu. Sawa, lakini wiki ile ile kwenye pilau ya harusi niliwaona wote, na waliolalamika zaidi ndio waliokaa safu ya mbele.

Fedha: mapato 1,340,000, matumizi 1,295,000, humo mkiwemo picha, nauli, chai na kitasa cha mlango wa ofisi. Wanachama ni 72, waliolipa ada 26. Wanaodai hesabu kwa sauti kubwa wengi wao sikuwaona kwenye hao 26, majina siyataji.

Mwaka ujao, Mungu akijaalia na fedha zikiruhusu, tunatarajia kufika Wete na Mkoani kufanya kazi kama hii, na safari ya Misali pia itaangaliwa. Vocha zote ziko kwa mshika fedha. Anapatikana dukani kwake baada ya laasiri, na kitabu cha risiti anacho.