Barua kwa Mwanahawa kuhusu wimbo wa Zainabu

Ngamiani, Tanga

Shoga yangu mpenzi Mwanahawa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wajukuu mkiwa wazima. Sisi huku hatujambo, ila Mwajuma bado analalamikia goti na Bwana Sefu bado anamlalamikia Mwajuma. Ukimya wangu tangu Mfungo Sita haukuwa wa ubaya, na leo ningekupa habari za kila mtu kama ilivyo desturi yetu, lakini nina jambo linaloninyima usingizi na ninahitaji rai yako kabla ya kikao cha Jumapili.

Bila shaka umeshasikia kwamba yule bwana wa ghorofa amejenga ukuta na kuziba kichochoro cha kwendea msikitini. Wazee walikwenda serikali ya mtaa wakarudi na ahadi, wakaenda tena wakarudi na ahadi nyingine. Ndipo Zainabu, mjukuu wa Bi. Mgeni, alipotunga wimbo, na akauimba kwenye harusi ya mtoto wa Mwanaisha, bwana mwenyewe na mkewe wakiwa wamealikwa. Beti za mwanzo zilikuwa za ukuta tu: kipofu anayepapasa matofali akitafuta njia aliyoizoea, jeneza linalozungushwa barabara kuu kwa kukosa pa kupita. Unajua kutunza kulivyo; anayeinuka na noti hamtunzi mwimbaji peke yake, anachagua mstari na anachagua wa kumrushia. Jirani yetu mmoja aliinuka kwenye ubeti wa jeneza, akacheza taratibu hadi mbele ya meza ya bwana yule, akasimama hapo na noti ikipepea juu, kisha ndipo akageuka kwenda kumtunza Zainabu. Mke wa bwana alirekebisha mtandio wake mara mbili tatu, asiseme neno. Nakiri nilifurahi.

Lakini ukaja ubeti wa mwisho, uliosema kwamba baba yake alishushwa kwenye lori la manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, akiwa na kipande cha mkeka, na leo mwanawe anajifanya mwenye mji. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Bi. Tatu, aliyezaliwa kwenye kambi ya mkonge kule Muheza, alikunja kanga yake, akatoka nje na kwenda zake nyumbani. Mwanahawa, Bi. Tatu hakungoja pilau!

Sasa bwana ameandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa akitaka wimbo wote ukomeshwe na Zainabu amwombe radhi hadharani; la sivyo atakwenda polisi, kwa kuwa kuna watu waliurekodi kwa simu na unazunguka, na ametaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Zainabu naye amejibu kwa Katiba ya 1977, ibara ya 18, kwamba kila mtu ana uhuru wa kueleza fikra zake. Mwenyekiti akafungua kitabu hichohicho kwenye ibara ya 30, inayokataza mtu kutumia haki yake kwa namna ya kuingilia haki za wenzake. Kila mmoja ana ukurasa wake na hataki kufunua wa mwenzake, nami nimeteuliwa niwe miongoni mwa wasuluhishi.

Vijana wanasema ule ulikuwa utani. Sikubali. Mtani wetu wa Kinyamwezi akija msibani kwetu Wazigua, akavaa kanzu ya marehemu na kumwita bahili, tunacheka huku tunalia, kwa sababu siku msiba ukiwa kwake nasi tutamfanyia vivyo hivyo. Zainabu na bwana yule hawana utani wowote, na Bi. Tatu hakuwa hata sehemu ya ugomvi. Wengine wananikumbusha enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarab vya hapa Tanga, walivyorushiana mafumbo na mji haukuungua. Ni kweli, lakini wale walikuwa vikundi viwili vyenye vipaza sauti viwili. Mtoto wa manamba aliyekaa kwenye kiti cha harusi ajibu kwa kipaza sauti gani?

Ukuta aliujenga yeye kwa fedha yake na anaweza kuubomoa kesho akitaka. Baba hakumchagua, na ukimcheka kwa baba yake umewacheka nusu ya watu wa mkoa huu, kuanzia Pongwe hadi Korogwe. Ndiyo maana ninataka ubeti ule utoke na zile nyingine zibaki, hata zikimchoma. Zikimchoma ndiyo kazi yake.

Mwenyekiti, kwa kunitisha, alinitajia Rwanda. Wewe ulikuwa hapohapo Arusha mwaka 2003, ile mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda ilipowatia hatiani waanzilishi wa redio iliyochanganya muziki na mzaha na kuwataja watu wa kuwindwa, kwa hiyo hutaniambia kwamba maneno hayaui. Hata hivyo, nilimwambia mwenyekiti kwamba redio ile iliwaandama watu kwa kabila lao, ilhali Zainabu anamuuliza tajiri mmoja kuhusu matofali yake, na kwamba kuileta Rwanda kila mnyonge anapoinua sauti ni kuwakosea heshima waliokufa kule. Hakufurahi. Nadhani ana lake kwenye ule ukuta, ila hilo nitalimalizia tukionana.

Sasa nisaidie. Ubeti mmoja ukiondolewa, tutamzuiaje bwana asitangaze kwamba wimbo wote umefutwa kwa amri yake? Zainabu akamwombe radhi Bi. Tatu nyumbani kwake, au alipomuumiza ni mbele ya watu na radhi iwe mbele ya watu? Je, na yule mke wa bwana, ambaye hakujenga chochote, tumwiteje bila kumwaibisha mara ya pili? Wewe ungeuacha ubeti wa jeneza? Bi. Mgeni anaona ni mkali mno, nami ndio niupendao zaidi.

Nijibu kabla ya Jumapili, kwa simu ikibidi, lakini tafadhali usimpigie Mwajuma kwanza.

Wako akupendaye,
Mwanakombo