Tangawizi za chupa zinazofura

Mhariri, asalaam alaykum. Naomba nafasi kidogo, nna neno na ndugu zetu wanaouza tangawizi ya kutengeneza nyumbani, ile ya chupa, mana siku hizi imejaa kila pahala, Darajani ipo, Chake ipo, na huku kwetu Wete kila genge linayo.

Tangawizi yenyewe tamu wallahi, sina ubaya nayo. Ila tazameni chupa. Kitako kimefura hata mezani haisimami sawa, chini kuna uji mweupe umetuama, ukigusa kizibo tu povu mpaka kwenye kiwiko, na muuzaji anakwambia "hiyo ndo gesi yake, kali hiyo". Haya, gesi hiyo imetoka wapi? Hamira imo mule inakula sukari, na hamira ikila sukari inatoa gesi na ulevi pamoja, huwezi kupata kimoja ukakikosa chengine.

Wenzetu Uingereza wanatengeneza pombe ya maepo, saida, na wao ulevi ndo wanaoutaka, lakini kwenye kutia chupani wana hadhari kuliko sisi! Wanaiacha kwenye pipa mpaka sukari iliwe iishe, wanaipima, wanaiacha tena miezi itulie na isafike, halafu siku ya kutia chupani ndo wanaongeza sukari kidogo tu, kama gramu 6 kwa lita, itoe gesi ya kiasi, na chupa zenyewe nene za kuhimili. Sisi lita moja tunaimiminia sukari gramu 100 na hamira juu yake, tunafunga siku hiyohiyo kwenye chupa ya maji iliyokwishatumika, au mbaya zaidi chupa ya gilasi ya tomato, kisha tunaipanga juani. Hiyo sukari ni zaidi ya mara 15 ya ile ya kwao. Plastiki angalau hufura ukaona, gilasi hainyanyui hata ukope, inapasuka tu na vigae vinaruka machoni. Na sukari yote hiyo ikiliwa, ulevi unafika asilimia 5, yaani bia kabisa, na wanunuzi ndo hawa watoto wa skuli.

Mtu ataniambia yeye anaweka kwenye friji. Friji inailaza hamira, haiiui, umeme ukikatika (na umeme wetu mnaujua) inaamka inaendelea pale ilipoachia.

Jamani chemsheni tangawizi na sukari, ipoe, hamira msitie kabisa, iwekeni baridi na muiuze ndani ya siku mbili tatu, kwani hata bila hamira ikikaa kwenye joto letu hili itachacha yenyewe. Anotaka gesi achanganyiwe soda ya maji pale pale anapokunywa. Na watu wa afya wa mabaraza ya miji, wakipita kukagua magenge wasiishie kuuliza leseni, wazigeuze na hizo chupa watazame vitako.

Mnywaji wa tangawizi,
Wete, Pemba